Usanifu majengo: mkopo wa miaka mitano, mshahara wa kwanza na shamba la misindano

Jumanne iliyopita tulipofungua simu kwenye kipindi cha asubuhi, mzee mmoja wa upande wa Ludewa alitupigia akiwa amepanda kilimani, maana kwake mtandao unashika hapo tu. Kijana wake amemaliza kidato cha sita, tahasusi ya PCM, na amechaguliwa kozi mbili kwenye vyuo viwili tofauti. Moja ni usanifu majengo, nyingine ni ualimu wa hisabati na fizikia. Ujumbe wenye namba ya kuthibitisha umeshaingia kwenye simu na anatakiwa achague kimoja kabla muda haujafungwa. Mzee ana ekari mbili za misindano ya miaka minane. Dalali ameshafika shambani na kumwahidi milioni mbili na nusu kwa kila ekari, akikata sasa.

"Mwanangu," aliniuliza, "huo usanifu unalipa? Na deni la bodi si litamfuata mtoto mpaka kaburini? Nikate miti?"

Zilikuwa zimebaki dakika mbili taarifa ya habari isomwe. Nilimwambia, "Mzee wangu, hilo siwezi kulijibu kwa dakika mbili, nitaliandika." Baada ya hapo zikaingia meseji za wazazi wengine wenye swali linalofanana na lake. Mimi nina cheti cha utangazaji, si mhasibu, lakini hesabu hii haihitaji mhasibu. Inahitaji kikokotoo cha simu na uvumilivu kidogo.

Kwanza tuelewane kazi yenyewe. Msanifu majengo, au mbunifu majengo kama bodi yao inavyomwita, ndiye anayeipanga nyumba kabla haijajengwa: vyumba vikae vipi, mwanga uingilie wapi, ngazi ipite wapi, maji ya mvua yaende wapi. Injinia anahesabu uimara wa nguzo na zege. Mkadiriaji majenzi anahesabu gharama. Fundi anajenga. Huku kwetu vijijini kazi zote nne mara nyingi hufanywa na fundi mmoja mwenye ramani aliyoipata kwenye simu, na hilo ni sehemu ya jibu la mzee, nitalirudia.

Chuo kinachojulikana zaidi kwa fani hii ni Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, na kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya nacho kinaifundisha. Ualimu wenye shahada ni miaka mitatu. Usanifu huenda miaka minne au mitano, kutegemea chuo na mtaala wake. Angalia barua ya udahili ya mtoto wako, maana mwaka mmoja zaidi unabadilisha hesabu nzima. Hapa nitatumia miaka mitano, ili tuione hali nzito.

Mkopo unahesabiwaje

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, haitoi fedha kwa mkupuo mmoja. Mkopo una mafungu. Kuna fungu la ada, ambalo huenda chuoni. Kuna fungu la chakula na malazi, ambalo wanafunzi wenyewe huliita bumu. Lilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, na mwaka 2022 likapandishwa kuwa 10,000. Kuna la vitabu na viandikwa, na kwa kozi kama hii kuna la mahitaji maalumu ya kitivo.

Tufanye mfano. Namba za ada na kitivo nimeziweka ili tupate pa kuanzia, wewe weka zilizo kwenye barua yako. Ada 1,500,000 kwa mwaka. Bumu, tukihesabu siku 240, ni 2,400,000. Vitabu 200,000. Mahitaji ya kitivo 300,000. Jumla 4,400,000 kwa mwaka. Kwa miaka mitano, kijana aliyepewa mafungu yote kwa ukamilifu anatoka chuoni akidaiwa milioni 22. Kwa ualimu, tukiweka ada 1,200,000 na kuondoa fungu la kitivo, ni 3,800,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu milioni 11 na laki nne.

Kwa haraka haraka usanifu unaonekana una deni karibu mara mbili ya ualimu. Hapo ndipo wazazi wengi huishia na kusema hapana. Mimi nawaomba tusogee mbele kidogo.

Wanafunzi wengi hawapewi asilimia 100. Bodi inapima uwezo wa familia. Yatima, mwenye ulemavu na anayetoka kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wanaangaliwa kwa namna ya pekee, ndiyo maana vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vinatakiwa vihakikiwe RITA, na ndiyo maana fomu inagongwa muhuri na serikali ya kijiji. Usipuuze makaratasi hayo kwa kuwa ofisi ya kijiji imefungwa siku uliyokwenda. Rudi kesho yake. Hati moja iliyokosekana inaweza kumfanya mtoto wa mkulima aonekane kama mtoto wa mwenye duka la jumla.

Tuseme kijana wa mzee amepewa asilimia 60 ya ile 4,400,000. Anapata 2,640,000, na pengo la 1,760,000 kila mwaka linarudi nyumbani. Kwa miaka mitano ni milioni 8 na laki nane. Hilo halipo kwenye vitabu vya bodi, hakuna atakayekutumia kumbukumbu yake, lakini ni deni la ukoo. Na baya zaidi, majina ya waliopata mkopo hutoka kwa awamu, mara nyingi baada ya mtoto kushathibitisha chuo. Unachagua kozi kabla hujajua utasaidiwa kiasi gani. Kuna dirisha la kukata rufaa kwa aliyepewa kidogo, litumieni.

Juu ya hayo, usanifu una gharama ambazo kozi ya darasani haina. Mwanafunzi anachora usiku na mchana. Anachapa michoro kwenye karatasi kubwa, ikikosolewa anarekebisha na kuchapa tena. Anatengeneza modeli za majengo kwa kadibodi, mbao nyembamba na gundi, na ikishakaguliwa kazi yake imekwisha. Anahitaji kompyuta mpakato yenye nguvu ya kuendesha programu za uchoraji kama AutoCAD na ArchiCAD, na mashine ya namna hiyo hata iliyokwishatumika inaweza kupita milioni moja. Fungu la kitivo husaidia, halimalizi. Mtoto wa shangazi yangu aliyesoma fani hii aliniambia mwaka wa pili alikuwa anakula mlo mmoja ili bumu litoshe kuchapa. Nyumbani tulidhani anakunywa pombe.

Deni linalosubiri

Sasa hofu ya mzee, kwamba deni litamfuata mtoto mpaka kaburini. Haikutoka hewani. Anaye binti wa jirani yake, mwalimu, aliyekatwa miaka mingi na kila akiuliza salio anakuta halipungui. Huyo binti hakuwa anadanganya.

Zamani kulikuwa na tozo ya kutunza thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka. Ichukue ile milioni 22 yetu: asilimia 6 yake ni 1,320,000 kwa mwaka, yaani 110,000 kwa mwezi. Kijana mwenye mshahara wa 900,000 anakatwa 135,000. Kwa hiyo katika fedha anayokatwa, 110,000 inamezwa na tozo na 25,000 tu ndiyo inapunguza deni. Hapo miaka ishirini si kitu. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza Mei Mosi kule Mwanza. Adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa nayo iliondolewa mwaka huohuo.

Hiyo maana yake nini kwa mkulima? Deni la milioni 22 likikaa miaka mitatu bila kijana kupata kazi, haligeuki kuwa milioni 30 kwa sababu ya tozo ile. Linganisha na mkopo wa kikoba au wa yule bwana anayekopesha mjini kwa kushika kadi ya benki. Tena bodi haichukui hati ya shamba wala ng'ombe. Inataka mdhamini na vitambulisho vyake.

Makato yenyewe ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Nayo ina kidonda chake: kabla ya mwaka 2016 ilikuwa asilimia 8, na sheria iliporekebishwa, hata waliokopa wakijua 8 walijikuta wanakatwa 15. Nasema hivi ili mjue kwamba masharti yanaweza kubadilika mtoto akiwa katikati ya safari, kwa uzuri kama 2021 au kwa uchungu kama 2016.

Mshahara wa kwanza

Tuseme kijana amemaliza na amepata kazi kwenye ofisi ya wabunifu kwa 900,000 kwa mwezi. Mzee akisikia laki tisa anaona mwanawe ametoka kimaisha. Tuihesabu. Mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, ni 90,000. Inabaki 810,000 ya kutozwa kodi, na kodi yake ni 80,500. Bodi ya mikopo 135,000. Kinachofika mkononi ni 594,500. Hapo hajalipa chumba, na ofisi nyingi za wabunifu ziko Dar es Salaam, Dodoma, Arusha na Mwanza, si Makambako. Wenye nyumba wa huko wengi wanataka kodi ya miezi kadhaa kwa mpigo. Kwa hiyo mzazi anayetegemea kutumiwa fedha mwezi wa kwanza, asubiri. Mwezi wa kwanza yeye ndiye anaweza kupigiwa simu.

Akibaki na mshahara huohuo siku zote, milioni 22 kugawa kwa 135,000 ni miezi 163. Ni miaka 13 na miezi saba. Mwalimu wetu wa mfano, mwenye mshahara wa 750,000, anakatwa 112,500 na anamaliza deni lake kwa miezi 102, miaka minane na nusu. Ualimu unashinda, tena kwa mbali.

Lakini fani hii ina mlango wa pili, na huo ndio ambao mzee hakuambiwa na mtu yeyote. Shahada peke yake haimfanyi mtu awe mbunifu majengo kisheria. Ipo Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2010. Mhitimu anafanya kazi chini ya mbunifu aliyesajiliwa kwa muda unaohesabiwa kwa miaka, anaandika kumbukumbu za kazi alizofanya, halafu anapimwa na bodi. Akishasajiliwa ndipo anaweza kujiita mbunifu majengo na kusaini michoro kwa jina lake. Kabla ya hapo anachora, mwingine anasaini, na kwa kawaida aliyesaini ndiye anayebeba sehemu kubwa ya malipo.

Tuifanye hesabu upya. Miaka minne ya mwanzo yuko kwenye 900,000. Ameshalipa 6,480,000. Anasajiliwa, na mshahara unapanda mpaka 1,800,000. Sasa anakatwa 270,000, na salio la 15,520,000 linaisha kwa miezi 58. Jumla ni miezi 106, chini kidogo ya miaka tisa. Karibu sawa na mwalimu, huku akiwa na mshahara mkubwa zaidi na haki ya kufungua ofisi yake.

Ndiyo maana nikawa nawajibu walionitumia meseji kwamba suala la milioni 22 linakuja baadaye. Swali la kwanza ni kama kijana atauvuka mlango wa pili. Wapo wanaoishia njiani. Wengine hukosa ofisi ya kuwapokea wafanye mafunzo, wengine hupokewa kwa posho ndogo wakachoka. Huingia mtaani kuchora ramani za nyumba kwa laki mbili, laki tatu, bila muhuri. Huko wanashindana na fundi wa kijijini mwenye ramani ya bure kwenye simu. Huyo aliyejiajiri hana mwajiri wa kumkatia. Anatakiwa achukue namba ya malipo mwenyewe na alipe kila mwezi, hata mwezi ambao mteja hakutokea. Na ujenzi una misimu yake: wakati bei ya saruji na nondo imepanda, watu wanaahirisha, na anayeanza kukosa kazi ni mchoraji.

Kwa aliyesajiliwa, malipo kwa kawaida huhesabiwa kwa asilimia ya gharama ya jengo. Tufanye asilimia 5 tu ya jengo la milioni 400: ni milioni 20. Usishangilie bado. Humo analipa wasaidizi, ofisi, safari za kukagua ujenzi, kodi, na analipwa kwa vipande kadiri kazi inavyokwenda. Hata hivyo ni fedha ambayo haipatikani bila ule muhuri. Wapo pia wanaoajiriwa serikalini, kwenye Wakala wa Majengo, Shirika la Nyumba la Taifa na halmashauri, na ujenzi wa Dodoma tangu serikali ihamie huko umeongeza kazi za fani hii.

Na ualimu tusiupambe. Deni lake ni dogo, miaka ni michache, lakini walimu wenye shahada wanaosubiri ajira za serikali tunawajua, wengine ndio wanaotuendeshea bodaboda tukienda gulioni. Hesabu na fizikia angalau ni masomo ambayo shule zinalia kukosa walimu wake. Nilimwambia mzee wazi: kama mtoto hana mapenzi na kuchora, kama amejaza usanifu kwa sababu jina limependeza, ampeleke ualimu. Miaka mitano ya kukesha na karatasi haivumiliki kwa ajili ya jina. Na kama ana mapenzi nayo, aulize mapema ofisi zipi zinapokea wanafunzi wakati wa mafunzo ya vitendo, maana anayemjua mtu tangu mwaka wa tatu hapati shida sana ya kupokewa akimaliza.

Misindano

Imebaki miti. Ekari mbili kwa bei ya dalali ni milioni 5. Hiyo inalipa mwaka mmoja na kidogo wa ile 4,400,000. Miaka minne inayobaki atalipa kwa nini? Na misindano ya miaka minane ni nguzo na mbao nyembamba. Kila mwaka inaoongezeka, shina linanenepa na bei ya mti mmoja inapanda. Dalali analijua hilo kuliko mimi, ndiyo maana amekuja Julai, wakati wazazi wanapotafuta ada.

Weka vitu viwili kwenye mizani. Deni la bodi kwa sasa halizai, na halianzi kukatwa mpaka kijana apate mshahara. Mti unazaa. Kukata kitu kinachokua ili kukwepa deni lisilokua ni hasara, hata kama moyo unakuwa mwepesi kwa kutodaiwa. Mimi ningeiacha misindano isimame mpaka kijana afike mwaka wa nne au amalize, kwa sababu kipindi kigumu ni kile cha kati ya kuhitimu na kusajiliwa, anapolipwa kidogo mjini na hajaruhusiwa kusaini. Hapo ndipo milioni za mti uliokomaa zinaweza kumshikilia asikimbilie kuchora ramani za laki mbili. Kwa mwaka wa kwanza mzazi anahitaji kiasi cha kuziba pengo na kununua vifaa, na hicho kinaweza kutoka kwa mahindi, mbuzi, au ekari nusu ya miti, si shamba zima.

Nilimpigia mzee Ijumaa jioni kumsomea haya kabla sijayaweka hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza tena ile hesabu ya mwezi wa kwanza, 594,500, nikairudia. Kisha akampa simu kijana. Nilimuuliza kama anapenda kuchora. Akasema darasani kwao alichora bweni jipya la wasichana kwenye daftari la fizikia, lenye madirisha upande wa upepo, na mwalimu akamchapa kwa kuharibu daftari.

Jumatatu ujumbe ukaingia kwenye simu ya studio: amethibitisha usanifu. Misindano ipo. Mbuzi wanne wameuzwa, na mzee anauliza kama kuna msikilizaji wa Njombe mjini mwenye kompyuta mpakato nzuri iliyotumika, asimpandishie bei.